Fahamu: Gari likirejeshwa kwa kasoro ya breki, wewe wa Iyula, wilayani Mbozi, ufanye nini?

Septemba 2023, Hyundai na Kia zilitangaza kurejesha magari takriban milioni 3.4 nchini Marekani. Mafuta ya breki yaliweza kuvuja ndani ya mfumo wa ABS (unaozuia magurudumu kukwama unapokanyaga breki), yakaleta shoti na moto. Septemba 2024 ikawa zamu ya BMW: magari yapatayo milioni 1.5, kwa kasoro ya mfumo wa breki uliotoka kwa Continental.

Kurejeshwa maana yake nini?
Kasoro ni ya kiwandani, si uchakavu. Mtengenezaji huwaita wenye magari kwa wakala wake, kifaa kikabadilishwa bila malipo. Nchini Tanzania, usalama wa bidhaa umo ndani ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC).

Mbona taarifa haifiki Mbozi?
Magari yetu mengi ni mtumba kutoka Japani. Barua ya kiwanda humfuata mmiliki anayefahamika huko, si mnunuzi wa Iyula.

Ufanye nini?
Chukua namba ya chesi kwenye kadi ya gari, uihakiki kwenye tovuti ya mtengenezaji au kwa wakala. Pedali ikizama, taa ya breki ikiwaka au mafuta ya breki yakipungua, egesha gari, umwite fundi. Usisubiri mteremko wa Iwambi, kati ya Mbeya na Mbalizi, ukupe jibu.