PROFESA NKUNYA: MWALIMU WA KEMIA ALIYEPIMA MITI YETU

Kila mkulima wa Kabuku anaijua ndago. Ni magugu sugu. Unapalilia mahindi leo, baada ya siku chache ndago imeota tena, kwa sababu imeacha viazi vyake vidogo chini ya udongo. Mkulima huichukia ndago. Lakini wako wataalamu waliochukua viazi hivyo, wakavipeleka maabara na kuvipima. Mmoja wao ni Profesa Mayunga Nkunya, aliyefundisha kemia kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Leo tunaeleza kazi yake, ili tuone msomi wa kemia ana faida gani kwa mwanakijiji.

KEMIA NI NINI?

Kemia ni elimu ya kujua vitu vimeundwa na nini, na jinsi vinavyobadilika. Togwa ikichacha ikawa pombe, hiyo ni kemia. Jembe likishika kutu, hiyo pia ni kemia.

Ndani ya mizizi, magome na majani mna vitu vingi vilivyochanganyika. Vingine ni dawa. Vingine ni sumu. Kazi ya mkemia ni kuvitenganisha kimoja kimoja na kujua kila kimoja kinafanya nini. Hii ndiyo kazi aliyoifanya Profesa Nkunya na kuwafundisha wanafunzi wake.

MIMEA 49

Zamani watu wengi walitibiwa malaria kwa klorokwini. Baadaye vimelea vya malaria vikawa sugu, dawa ikashindwa. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria. Lakini wataalamu walikuwa wameanza kutafuta dawa nyingine mapema zaidi.

Mwaka 1990 Profesa Nkunya na wenzake walitoa taarifa ya uchunguzi wao. Kati yao alikuwamo Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea. Walichukua mimea 49 ya Tanzania inayotumiwa kama dawa za kienyeji. Walitoa maji ya dawa katika kila mmea, kisha wakayajaribu juu ya vimelea sugu vya malaria vilivyofugwa ndani ya vyombo vya maabara.

Matokeo yalikuwa haya. Mimea 3 ilikuwa na nguvu nyingi. Mimea 18 ilikuwa na nguvu ya kadiri. Mimea 28 iliyobaki ilikuwa na nguvu kidogo zaidi.

Katika ile mitatu ya kwanza, mmoja ulikuwa ndago. Wa pili unaitwa na wataalamu Hoslundia opposita. Wa tatu ni Lantana camara, ule mti mdogo wa miiba wenye maua ya rangi nyingi, ambao watu wengine huupanda uwe ua.

Profesa Nkunya hakuishia hapo. Alichunguza pia mimea ya jamii moja na mstafeli na mtopetope, hasa ile inayoitwa Uvaria. Mwaka 2009 yeye na wenzake walitoa taarifa nyingine, kuhusu mimea ya Tanzania inayoweza kuua viluwiluwi vya mbu wa malaria.

TAHADHARI

Ndugu msomaji, usichukue jembe ukachimba ndago umpe mtoto mwenye homa. Kuua vimelea ndani ya chombo cha kioo si sawa na kuponya mtu. Lazima ijulikane kipimo chake, na kama haina madhara. Lantana ni mfano mzuri. Maabara iliuona mti huo una nguvu, lakini ng'ombe na mbuzi wakila majani yake huumia ini na wanaweza kufa.

Mtoto akipata homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu. Malaria humwua mtoto mdogo haraka. Akipewa dawa ya mseto, amalize vidonge vyote kwa siku tatu, hata kama amepata nafuu siku ya kwanza.

Tena, dawa hiyo ya mseto chanzo chake ni mmea. Wataalamu wa China waliitafuta katika mmea uitwao Artemisia annua, wakapata kiini chake mwaka 1972. Na kwinini ilitoka katika magome ya mti ambao Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, mkoani kwetu Tanga. Kwa hiyo kutafuta dawa katika miti si kazi ya bure. Ila ni kazi ya subira.

MWALIMU NA KIONGOZI

Profesa Nkunya alitumikia elimu kwa njia nyingine pia. Aliongoza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania akiwa Katibu Mtendaji. Kisha akawa Katibu Mtendaji wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, Uganda. Kazi hiyo aliimaliza mwaka 2015.

Sifa ya mwalimu ni wanafunzi wake. Vijana waliojifunza kupima mmea mmoja wataweza kupima mingine mia.

TUFANYE NINI?

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi wa miti ni mali. Wazee wetu wa Kizigua na Kisambaa wanaijua miti mingi kwa majina na kwa kazi zake. Mzee akifa bila kuandikwa maneno yake, mali hiyo inazikwa naye.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Muulize mzee wako jina la mti, mahali unapoota, na sehemu inayotumika. Andika. Usikate msitu ovyo, kwa maana mti usiopimwa ukiisha hauwezi kupimwa tena. Na mtoto wako akipenda masomo ya sayansi, awe wa kiume au wa kike, usimkatize. Huenda naye akawa mwalimu wa kemia.