Mtoto Amemeza Kitu: Eksirei Huona Nini?

 

Mtoto wa mwaka mmoja au miwili huujua ulimwengu kwa mdomo. Akiokota kitu sakafuni hukitia mdomoni kwanza. Siku moja unamkuta anatokwa na mate mengi, anakataa chakula au anashika koo, na ile shilingi aliyokuwa akiichezea haionekani. Unamkimbiza hospitalini, na daktari anasema apelekwe akapigwe picha. Hapo wazazi wengi hudhani kwamba mashine itajieleza yenyewe. Lakini mashine haioni kila kitu, na wewe unajua mambo ambayo haiyajui.

Eksirei ni miali isiyoonekana kwa macho. Hupenya nyama kwa urahisi, hupenya mfupa kwa shida, na madini kama chuma huizuia. Mjerumani Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka wa 1895, na katika picha aliyopiga ya mkono wa mkewe, mifupa ya vidole ilionekana, na pete yake ikaonekana wazi kuliko mifupa. Ndiyo maana sarafu, pini, msumari na betri huonekana vizuri. Plastiki, kijiti na njugu karanga kwa kawaida havionekani.

Njugu ndizo hutudanganya. Mtoto akipaliwa, njugu ikaingia kwenye njia ya hewa, picha yaweza kutoka safi huku mtoto akiendelea kukohoa na kupumua kwa mluzi wiki nzima. Mwambie daktari: "Alikuwa akila njugu, akapaliwa ghafla, kisha kikohozi kikaanza." Maneno hayo machache yaweza kumfanya daktari aamue kuangalia ndani kwa mrija mwembamba wenye taa, mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, hata kama picha haikuonyesha kitu.

Sasa nisikilize vizuri juu ya betri ndogo bapa kama kifungo, zile za rimoti, saa na vitu vya kuchezea vinavyowaka taa. Ikikwama kwenye koo la chakula, hutoa umeme mdogo unaounguza nyama iliyo karibu. Madhara makubwa yaweza kutokea katika muda wa saa 2, na hata betri unayoiona imekwisha bado huunguza. Katika picha hufanana sana na sarafu. Tofauti ni kwamba betri mara nyingi huonyesha pete mbili, mduara ndani ya mduara. Kwa hiyo ukishuku betri, sema tangu mlangoni, usingoje foleni. Ikiwa imekwama kooni ni lazima itolewe upesi. Sarafu iliyokwisha kufika tumboni ni jambo jingine. Kwa kawaida hutoka na choo baada ya siku kadhaa, lakini ni daktari wa kusema imefika wapi.

Nyumbani usimtapishe, wala usimpe donge la ugali au ndizi ati kisukumwe chini. Usimpe maji wala maziwa. Asali peke yake yaweza kusaidia, na ni kwa betri tu: ikiwa mtoto ametimiza mwaka mmoja, anameza vizuri, na hazijapita saa 12, mpe vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6, mkiwa njiani. Kama haimo nyumbani, usipoteze muda kuitafuta. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe.

Wengine huniuliza kama miali hiyo haitamdhuru mtoto. Kwa picha moja ya kifua kiasi chake ni kidogo sana, karibu na kile ambacho sote hupokea kutoka ardhini na angani kwa siku chache, na haibaki mwilini. Akitoka pale hakuna mwali unaobaki kwenye nguo wala kwenye maziwa yako. Bado una haki ya kuuliza picha ni ya nini, hasa ikiwa imerudiwa.

Ndani ya chumba mvue shanga, pini za nepi na hirizi, maana nazo zitaonekana pichani na kuwachanganya. Ukiombwa umshike, utavishwa aproni nzito ya risasi. Mshike imara, kwani akitikisika picha huharibika na itabidi irudiwe. Lakini kama una mimba, au unadhani unayo, sema kabla hujaingia, ili baba au shangazi amshike badala yako.

Ukipewa rufaa kwenda hospitali nyingine, ibebe ile picha. Na kabla ya kutoka nyumbani mtume mtu atazame ile rimoti: betri ngapi hazimo? Mtoto huenda amemeza mbili.