Mji Juu ya Meza: Tatizo la Skeli katika Michezo ya Vita

Mwaka 1812, Baroni Georg Leopold von Reisswitz wa Prussia alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya ajabu. Juu yake vilipangwa vigae vya plasta vyenye milima, mito, barabara na vijiji, ambavyo viliweza kupangwa upya kila mara. Mwaka 1824 mwanawe, Luteni Georg Heinrich, aliuboresha mchezo huo kwa kutumia ramani za skeli ya 1:8000, akaamua kwamba kila zamu iwakilishe dakika 2, na dadu ziamue yale ambayo vitani huamuliwa na bahati. Ndivyo mchezo ulivyogeuka kuwa chombo cha kufundishia maofisa.

Tangu wakati huo, uwanda wa wazi haukuwapa wachezaji taabu kubwa. Taabu ilikuwa mji. Mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells, katika kitabu chake cha mwaka 1913 kuhusu vita vya askari wa kuchezea, alishauri nyumba zijengwe kwa matofali yaliyoshikamana, zisiwe na uwazi ndani, kwa sababu askari wakiwekwa ndani hutokea mkanganyiko. Shauri hilo liliondoa tatizo bila kulitatua. Je, tatizo lenyewe ni nini?

Skeli mbili katika meza moja

Sanamu ya askari yenye kimo cha milimita 28 humwakilisha mtu wa mita 1.7, yaani skeli yake ni karibu 1:60. Ikiwa bunduki hupiga umbali wa mita 300, basi kwa skeli hiyo risasi ingehitaji meza yenye urefu wa mita 5. Kwa kuwa meza za namna hiyo ni adimu, ardhi hupewa skeli nyingine, tuseme 1:1000, na mita 300 huwa sentimita 30 tu.

Sasa iwekwe nyumba. Nyumba yenye upana wa mita 12, ikitengenezwa ilingane na sanamu, itakuwa na upana wa sentimita 20. Lakini sentimita 20 za ardhi ile ni mita 200! Upana umezidishwa mara 16.7 hivi, na eneo, ambalo hufuata mraba wa upana, limezidishwa takriban mara 278. Nyumba moja ya kadibodi imemeza mtaa mzima pamoja na vichochoro vyake.

Kilima kilichozidiwa na nyumba

Kosa kubwa zaidi hutokea katika kupima nani anamwona nani. Chukua mlinzi aliye juu ya kilima cha mita 30, na jengo la mita 12 lililo umbali wa mita 90 kutoka kwake. Mstari wa macho yake unaopita juu ya paa umeteremka mita 18 katika mita 90, yaani mita 1 kwa kila mita 5. Kabla ya kufika chini unabakiwa na mita 12 za kuteremka. Kwa hiyo mita 60 za ardhi nyuma ya jengo hazionekani. Adui anaweza kujificha humo, lakini mbele zaidi ataonekana.

Mezani, kilima kikifuata skeli ya ardhi kitakuwa na kimo cha sentimita 3, na jengo likifuata skeli ya sanamu litakuwa na kimo cha sentimita 20. Jengo limekipita kilima, na mlinzi hawezi kuona chochote nyuma yake. Wala kosa si ukuzaji wenyewe: vimo vyote vikikuzwa kwa kiasi kimoja, jibu hubaki mita 60. Kosa ni kuchanganya skeli.

Njia za kutatua

Ya kwanza ni kuutazama mtaa kama eneo. Mipaka yake huchorwa. Nyumba zilizomo ni alama tu, na huondolewa askari waingiapo. Kanuni husema eneo hilo huchukua askari wangapi, linawakinga kiasi gani na linapunguza mwendo kiasi gani. Uonekano hukokotolewa kwa namba, si kwa jicho.

Ya pili ni kuupunguza mpambano. Meza ya mita 1.8 kwa skeli ya 1:60 ni mita 108 za kweli: nyumba chache, zenye mapaa na sakafu zinazofunuka, ambamo kila sanamu ni mtu mmoja.

Kilichoachwa nje

Katika vita vya Stalingrad mwaka 1942, jengo la ghorofa lililokuja kuitwa Nyumba ya Pavlov lilishikiliwa na askari wachache wa Kisovieti kwa takriban miezi miwili. Mchezo waweza kuwaonyesha askari hao, madirisha yao na uwanja waliouchunga. Lakini katika vyumba vya chini ya jengo hilo walikuwamo pia raia, na mezani kwa kawaida raia hawana sanamu. Mwanafunzi aliyejifunzia mji wa namna hiyo aweza kudhani kwamba kulipiga jengo kwa mizinga hakumgharimu mtu ila adui.

Zoezi: Wanafunzi na wapime majengo mawili ya shule yao, wayachore kwa skeli moja, kisha wakokotoe ardhi isiyoonekana nyuma ya jengo fupi kutoka dirisha la juu la jengo refu. Chini ya mchoro waandike mambo mawili: skeli waliyotumia, na yote waliyoyaacha.