Tutengeneze Kabla ya Kutupa: Vifaa Vibovu vya Umeme Katika Jumuiya Zetu

Karibu kila stoo ya parokia, shule au seminari ina kona ya vifaa vilivyokufa: amplifaya iliyonyamaza, televisheni ya kichogo, kompyuta za msaada wa miaka mingi, boksi la chaja na simu za kitochi. Siku ya usafi inapofika tunajiuliza tuvipeleke wapi. Mara nyingi vinaishia kwenye shimo la taka, kwenye moto, au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Njia zote tatu zinaweza kumwachia mtu mwingine madhara.

Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022. Zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni kama asilimia 22 tu. Kwa Afrika, kiwango hicho hakifiki asilimia 1.

Hatari imejificha ndani ya vifaa. Kioo cha televisheni ya kichogo kina madini ya risasi, na taa za tyubu zina zebaki. Vikizikwa ovyo, sumu hiyo inaweza kufika kwenye udongo na maji. Vikichomwa, plastiki ya nyaya hutoa moshi wenye dioksini, sumu inayodumu muda mrefu mwilini.

Tunao mfano wa Agbogbloshie, jijini Accra, Ghana, ambako kwa miaka mingi vijana walichoma nyaya ili wapate shaba ya kuuza kwa kilo. Mwaka 2019 ilitolewa ripoti ya watafiti waliopima mayai ya kuku waliokuwa wakizurura eneo hilo. Walikuta kwamba mtu mzima akila yai moja tu, anapata dioksini zaidi ya mara 200 ya kiasi kinachokubalika kwa siku. Waliovuta moshi ule na kula mayai yale, wengi wao hawakuwa wamiliki wa kompyuta zilizotupwa.

Ndiyo maana tunasema kutengeneza kutangulie, urejelezaji ufuate. Urejelezaji huokoa baadhi ya madini, lakini kazi na nishati iliyotumika kuunda kifaa hupotea. Tukumbuke pia kwamba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, inayotumika katika betri, huchimbwa nchini Kongo, na baadhi ya wachimbaji hufanya kazi kwa mikono katika mashimo ya hatari. Simu ikidumu miaka miwili zaidi, mahitaji ya uchimbaji huo yanapungua.

Vifaa vingi tunavyoviita vibovu vina tatizo dogo. Simu isiyokaa na chaji mara nyingi inahitaji betri mpya tu. Isiyoingiza chaji huenda tundu lake limejaa vumbi. Amplifaya inaweza kuwa imeungua fyuzi, au waya umekatika kwenye plagi. Kompyuta nzito huchangamka ikiongezewa memori na kuwekewa diski ya kisasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: stabilaiza moja hukinga vifaa vya kanisa dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Tumwite fundi wa mtaani mapema, na tumlipe haki yake.

Kifaa kisipotengenezeka, tuzingatie haya:

1. Tufute taarifa au tutoe diski, hasa kwenye kompyuta za ofisi zenye kumbukumbu za waamini.
2. Tutenge betri. Iliyovimba isitobolewe wala kuchajiwa. Iwekwe kwenye mchanga mkavu, mbali na vitu vinavyoshika moto.
3. Tusivunje wala kuchoma. Tumpe fundi kwanza, achukue vipuri vinavyofaa.
4. Kinachobaki tumkabidhi mkusanyaji mwenye kibali. Hapa Tanzania, kanuni za mwaka 2021 zinasimamia taka hizi, na ofisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira ni mahali pa kuulizia.

Gharama ya usafiri ni kikwazo kwa familia moja. Lakini Jumuiya Ndogo Ndogo zikikusanya vifaa vyao parokiani mara moja kwa mwaka, mzigo unakuwa wa pamoja. Katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alionya kwamba utamaduni wa kutupa vitu unakwenda pamoja na kuwatupa watu. Kijana anayechoma nyaya zetu nyuma ya soko ni mmoja wao.

Ninyi waseminari, kesho mtakuwa mapadre mnaoidhinisha ununuzi wa spika, printa na kompyuta. Kabla ya kusaini, ulizeni: vipuri vyake vinapatikana? Betri yake inabadilishika? Yupo fundi wa karibu anayeimudu? Bei ndogo ya dukani si nafuu ikiwa kifaa kitarudi stoo baada ya mwaka mmoja.