Zulia la Ngazi Likiharibika, Mteja Anakutafuta Wewe

Wauza mazulia wenzangu wa mtandaoni, hii inatuhusu. Mimi nauzia Kahama, na wateja wangu wengi wa mazulia ya ngazi wako Geita na Katoro, wale wenye nyumba za ghorofa. Kiangazi kikikolea, vumbi jekundu la huku halibishi hodi. Baada ya muda zulia la kijivu limekuwa la kahawia, mteja anatuma picha WhatsApp: "Dada, limechuja, nirudishie hela yangu."

Mara nyingi halijachuja, limemwagiwa maji. Vumbi likilowa linakuwa tope na kuzama kwenye nyuzi. Maji yakifika chini, gundi inaachia na zulia linaanza kucheza. Hapo hatuongelei uchafu tena, mtu anaweza kuporomoka na mtoto mgongoni!

Kwa hiyo kabla mzigo haujapanda basi, namtumia mteja sauti ya dakika moja. Aanze ngazi ya juu kabisa, ashuke. Zulia likiwa bado kavu apige brashi, hasa kwenye kona pale ngazi moja inapokutana na nyingine, maana mchanga unaojificha pale ndio unaokata nyuzi kila akikanyaga. Mwenye mashine ya kunyonya vumbi, safi zaidi. Doa ni kitambaa kilichokamuliwa na sabuni kidogo: agandamize, asisugue. Madirisha wazi, na watu wasipite mpaka likauke.

Rangi ya krimu kwa Geita? Namwonyesha maruni kwanza.