Sindano za Kisukari na Unene: Namna ya Kukabili Maudhi Yake



Wapo miongoni mwetu hapa Shella walioandikiwa na daktari sindano za mara moja kwa wiki, kama Ozempic na Mounjaro, kwa ajili ya kisukari. Wapo pia kina mama wanaozitafuta kwa siri ili wapunguze unene. Wote hao yawapasa kujua wanachokitia mwilini.

Dawa hizi si insulini. Huiga homoni ambazo utumbo hutoa baada ya kula: huiamsha kongosho sukari inapopanda, hupunguza hamu ya chakula, na hukichelewesha chakula tumboni. Ndipo yanapokuja maudhi: kichefuchefu, kutapika, kuharisha au choo kigumu. Mara nyingi huzidi wiki za mwanzo na kila kipimo kinapoongezwa, kisha hupungua. Kwa sababu hiyo Ozempic huanzwa kwa miligramu 0.25 kwa wiki, muda wa wiki 4, ndipo ipandishwe. Asiruke mtu ngazi kwa pupa ya kukonda kabla ya harusi.

Dawa ya kwanza ya maudhi hayo iko jikoni. Tumbo lililopunguza mwendo halistahimili sinia la biriani, wala viazi karai na bajia za jioni. Tule kidogo kidogo na tuache kabla ya kushiba, Mtume (s.a.w.) alikwisha kutufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Samaki wa kuchoma, mchicha, papai na uji mwepesi havilemei. Maji yanywewe mara kwa mara, kwani joto letu likikutana na kutapika au kuharisha, figo huweza kudhurika. Nasi tunaokaribisha wageni tusimshurutishe mtu kuongeza sahani.

Yako yasiyongojewa nyumbani: maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, macho kuwa manjano, kutoweza kubakisha hata maji, au kuona kubadilika ghafla. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Anayetumia pia insulini au glibenklamaidi ajihadhari na sukari kushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Apewe maji ya sukari upesi. Halua haifai hapo, maana samli huichelewesha sukari.

Kwa kina mama, Ozempic huachwa angalau miezi 2 kabla ya kutafuta mimba. Mounjaro hudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi inapoanzwa na kila inapoongezwa. Anayenyonyesha, au ambaye katika ukoo wake imewahi kutokea saratani ya tezi ya shingo, amwambie daktari kabla ya sindano ya kwanza.

Wengi huuliza kuhusu Ramadhani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa sindano isiyo ya lishe haifunguzi. Hata hivyo, saumu kutobatilika si dalili kuwa mwili utaistahimili. Tumwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi mtukufu, na tusianze dawa wala kuongeza kipimo mwezi ukikaribia.

Mwisho ni amana ya dawa yenyewe. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Tununue kwa cheti cha daktari, katika duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, si kwa mtu wa mtandaoni. Sindano ambayo haijaanza kutumiwa ihifadhiwe ndani ya friji, isigandishwe. Kalamu moja isitumiwe na watu wawili, hata kama ncha imebadilishwa.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Anayejidunga kwa siri amwambie walau mumewe, mama yake au dada yake, ili siku akizidiwa pawe na wa kumweleza daktari.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.