Je, Wajua? Hewa hupata joto kwa kushuka tu

Mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, ulianza uzalishaji mwaka 2001 na umechimbwa chini kwa chini hadi kina cha zaidi ya kilomita 1. Hewa kavu ikishushwa kilomita 1 huongezeka joto kwa karibu nyuzi 10 za Selsiasi kabla haijagusa mwamba wala mashine, kwa sababu hubanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake. Ikiingia na nyuzi 28, inafika na 38. Hapo bado joto la miamba na injini za dizeli.

Ndiyo maana wahandisi wa migodi yenye kina kirefu huuchora mgodi mzima kwenye kompyuta kwanza: kila njia, kila mlango, kila feni. Kukisia ni ghali mno. Ukitaka hewa maradufu katika njia ileile, feni itahitaji nguvu mara 8! Na mlango mmoja ukiachwa wazi, hewa hupita njia ya mkato, na wachimbaji walio mbele hubaki na moshi wa baruti.